Kupiga Muziki Pamoja kwa Intaneti Bila Wimbo Kuburuta

Yeyote aliyewahi kujaribu kuimba na mwenzake kwenye simu ya video anajua kinachotokea. Mnahesabu, mnaingia pamoja, na hata ubeti wa kwanza haujaisha kila mmoja anamsubiri mwenzake. Mwendo unashuka, unashuka tena, mpaka wimbo unasimama wenyewe. Wengi huishia hapo na kusema jambo hili haliwezekani. Linawezekana, na natamani kila kikundi ambacho wanachama wake wamehama wakalijue, kwa sababu mazoezi ya kila wiki yanaweza kuendelea. Ila kuna kazi mbili za kufanya: kupunguza muda ambao sauti inachelewa njiani, kisha kujifunza kupiga ukiwa na ule muda uliobaki. Kazi ya kwanza watu huifanya kwa bidii. Ya pili huisahau, na ndiyo inayoamua kama mtaweza au hamtaweza.

Milisekunde ngapi zinavumilika

Hewani sauti hutembea takriban mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita hula karibu milisekunde 3. Kwa hiyo hata jukwaani hamsikiani papo hapo. Mpiga besi aliyesimama mita 5 kutoka kwenye dramu huisikia milisekunde 15 baada ya kupigwa, na hana habari. Chris Chafe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwahi kuweka watu wawili katika vyumba tofauti, wakawapa mdundo wa makofi wapige pamoja huku muda wa kuchelewa ukibadilishwa. Sauti ikichelewa kidogo mno, watu hukimbiza mwendo; ikichelewa sana, huuburuta.

Mpaka unaotumiwa na wanamuziki wengi wa mtandaoni ni milisekunde 25 hadi 30 kwa upande mmoja, kuanzia kidole chako kwenye uzi wa gitaa hadi sikio la mwenzako. Mkiwa ndani ya mpaka huo mnapiga karibu kila kitu. Kuanzia 30 hadi 50 mtapiga nyimbo za mwendo wa polepole, kwa nidhamu. Zaidi ya hapo tafuteni njia nyingine, nami nimeieleza mwishoni.

Ndiyo maana programu za kawaida za mikutano ya video hazifai. Zimetengenezwa kwa mazungumzo, na kwa mazungumzo ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150, muda ambao msemaji hausikii hata kidogo lakini mpiga ngoma hawezi kufanya nao kazi. Isitoshe, zina kichujio cha mwangwi na cha kelele ambacho huchukua mlio mrefu wa kinanda kuwa ni kelele ya feni na kuufuta.

Hatua ya 1: Pima mtandao kabla ya kununua chochote

Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika ping pamoja na anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi imebandikwa chini ya ruta yenyewe. Iache ijirudie mara 100: kwenye Windows ni ping -n 100, kwenye Mac na Linux ni ping -c 100. Namba utakayoiona ni ya kwenda na kurudi. Ukiwa umeunganisha kwa kebo, inatakiwa iwe milisekunde 1 au chini ya hapo, na itulie. Ikiwa inaruka 2, 9, 3, 60, 4, basi shida iko ndani ya nyumba yako, na kumpigia simu mtoa huduma hakutasaidia.

Ruta ikiwa sawa, pima sasa anwani ya nje, hasa ya seva mnayokusudia kuitumia, yaani kompyuta ya kati mtakayokutania. Tazama wastani, halafu tazama kwa makini zaidi tofauti kati ya namba ndogo kabisa na kubwa kabisa. Mtandao wenye wastani wa 30 uliotulia ni bora kuliko wenye wastani wa 15 unaorukia 80 kila baada ya muda. Sauti husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogovidogo, na vipande vikifika kwa kupishana, programu ina mawili ya kuchagua: ivisubiri, muda wa kuchelewa uongezeke, au isivisubiri, sauti ikwaruze.

Rudia kipimo wakati mtu mwingine nyumbani anapakia video. Mara nyingi hapo ndipo namba hupanda kutoka 20 hadi 200, kwa kuwa ruta inapanga foleni. Ukikutana na hali hiyo, ingia kwenye mipangilio ya ruta uone kama inaruhusu kuipa kompyuta yako kipaumbele. La sivyo, ombeni wenzenu wa nyumbani wasipakie kitu kwa saa moja.

Kasi inayotangazwa kwenye vifurushi si jambo la kukuumiza kichwa. Chaneli moja ya sauti isiyobanwa, yenye sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde za biti 16, inahitaji kilobiti 768 kwa sekunde tu. Kinachotafutwa ni mtandao wa haraka kujibu na usioyumba. Faiba hufaa kuliko zote. Data ya simu hufanya kazi siku nyingine na siku nyingine ikagoma, kwa sababu unagawana mnara na watu wengi.

Kuna sehemu ya kuchelewa ambayo hakuna kifaa kitakachoiondoa. Mwanga ndani ya faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 ni milisekunde 5 za kwenda peke yake, na kebo hainyooki kama mstari kwenye ramani. Wenzako wakiwa ndani ya kilomita mia chache, uko salama. Wakiwa bara lingine, fizikia imeshakula bajeti yako yote ya kuchelewa, zile milisekunde 30.

Hatua ya 2: Kebo, hedifoni, kadi ya sauti

Chomeka kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Usilijadili sana hili. Wi-Fi hugawana hewa na vifaa vingine, hungoja zamu, na hutuma upya kilichopotea. Kila kimoja kati ya hivyo kinaleta kule kuyumba tulikokusema. Kebo ndefu ya bei nafuu itakusaidia kuliko maikrofoni ya gharama.

Hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth peke yake mara nyingi huongeza zaidi ya milisekunde 100, na bajeti yako yote ni 30. Spika nazo zizimwe: programu za muziki wa mtandaoni hazina kichujio cha mwangwi, kwa makusudi, ili zisiharibu sauti. Mmoja wenu akifungua spika, kila mtu atajisikia akirudi kupitia maiki yake.

Kadi ya sauti ya nje, kifaa cha kuingizia na kutolea sauti kinachochomekwa kwa USB, ndiyo kifaa pekee ninachoshauri ukinunue ukiona mazoezi yamekukolea. Ingizo mbili zinatosha: moja ya maiki, moja ya gitaa. Kwenye Windows, pakua draiva ya ASIO, programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi kwa haraka, kutoka kwa mtengenezaji wa kadi hiyo. Ukianza na kadi iliyomo ndani ya kompyuta, ASIO4ALL, draiva ya jumla ya aina hiyo, itakusogeza. Mac haihitaji draiva ya ziada kwa kadi nyingi, na Linux ina JACK na PipeWire zinazofanya kazi hiyo. Popote ulipo, weka sampuli 48,000, na uzime kila kinachoitwa uboreshaji wa sauti kwenye mfumo wa kompyuta.

Hatua ya 3: Chagua programu

Zilizo maarufu na za bure ni chache, na kila moja ina mahali pake.

Jamulus ilianzishwa na Volker Fischer mwaka 2006. Inatumia seva: kila mpigaji hutuma sauti yake mara moja kwenye seva, nayo huzichanganya na kumrudishia kila mtu mchanganyiko. Kikundi kikubwa, hata kwaya, kinaweza kukutana bila kompyuta ya mtu mmoja kuelemewa. Sauti hubanwa kwa kodeki (njia ya kubana sauti) ya Opus, ambayo iliundwa mahsusi kwa kazi za haraka namna hii. Kuna seva nyingi za wazi, na unaweza kuanzisha yako.

SonoBus ya Jesse Chappell inawaunganisha wapigaji moja kwa moja. Mnaandika jina la kundi na neno la siri, mnakutana. Ni rahisi mno kwa watu wawili au watatu, inaruhusu sauti isiyobanwa, na ipo pia kwa simu. Ila mkiwa watano, kila mmoja anatuma nakala nne, na hapo ndipo kasi ya kupakia inapoanza kuwa na maana. Simu zenyewe hutofautiana sana kwa uharaka wa sauti, kwa hiyo iazime kompyuta ukiweza.

JackTrip ilizaliwa katika kituo cha muziki cha CCRMA pale Stanford, mikononi mwa Chris Chafe na Juan-Pablo Cáceres. Haibani sauti kabisa. Wanaojali ubora kuliko urahisi huipenda.

Kama hamjui pa kuanzia: wawili au watatu, SonoBus, wanne na kuendelea, Jamulus. Chagueni seva iliyo katikati yenu, maana seva iliyo karibu sana na wewe na mbali na wengine haiwasaidii.

Hatua ya 4: Hesabu bajeti, kisha punguza

Tuchukue wapigaji wawili wanaotumia seva moja. Mmoja ana ping ya 16 hadi kwenye seva, mwingine 20. Tunagawa kwa mbili, kwa kuwa sauti inakwenda upande mmoja: 8 kwa huyu, 10 kwa yule, jumla 18. Kadi ya sauti hukusanya sampuli kwenye bafa kabla ya kuzituma; bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.7, mara mbili kwa kuwa kuna kuingia na kutoka, jumla 5.4. Kisha kuna bafa za mtandao, zile za kusubiri vipande vilivyochelewa, tuseme 5 kwenye seva na 5 kwa msikilizaji. Tumefika 33.4. Ni kama kila mmoja amesimama mita 11 kutoka kwa mwenzake. Wanapiga, lakini kwa shida.

Sasa wakipunguza bafa ya kadi hadi 64, ile 5.4 inakuwa 2.7. Wakiacha Wi-Fi na kuhamia kwenye kebo, mtandao unatulia, bafa za mtandao zinaweza kushushwa hadi karibu 2.7 kila moja, jumla 5.4. Yote pamoja: 18 na 2.7 na 5.4, yaani 26. Wameingia ndani ya mpaka bila kubadilisha mtoa huduma.

Shusha bafa moja baada ya nyingine, ukisikiliza. Anza na 256, shuka 128, kisha 64. Ukisikia mikwaruzo midogo kama punje za mchanga, umeshuka mno. Panda ngazi moja. Mikwaruzo ikiwa kwenye sauti yako mwenyewe, chanzo ni kadi au kompyuta iliyozidiwa. Ikiwa kwa mwenzako mmoja tu, chanzo ni mtandao wake. Jamulus ina taa ya kijani, njano na nyekundu inayoonyesha muda wote wa kuchelewa. Kijani ndiyo lengo. Njano inavumilika.

Hatua ya 5: Jifunze kutosubiri

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Tazama wimbo unavyokufa. Wewe unapiga pigo la kwanza. Mwenzako analisikia milisekunde 33 baadaye na kulipiga pamoja na alichosikia. Kwake yeye mko sawasawa kabisa. Sauti yake inasafiri milisekunde 33 nyingine kuja kwako. Wewe unamsikia amechelewa 66. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125, kwa hiyo amechelewa zaidi ya nusu ya robo hiyo, na sikio lako linaona wazi. Kwa ustaarabu unamngoja. Naye anasikia umepunguza, anapunguza. Hakuna aliyekosea mwendo, ila kila mmoja amekuwa mwungwana, na wimbo umeanguka.

Tiba ya kwanza ni kuwa na kiongozi mmoja wa mwendo. Mara nyingi ni mpiga dramu, au besi, au gitaa la ridhimu. Kiongozi hupiga kwa metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) au kwa mwendo wa moyoni mwake, na hamngoji mtu. Atawasikia wengine wamechelewa, na lazima akubali kuwasikia hivyo. Inachosha mwanzoni. Ikibidi, ashushe sauti zao kwenye hedifoni zake hadi zibaki za kumpa hisia tu. Wengine wote wanamfuata yeye, na kwao muziki unasikika umeshikana. Ndiyo sababu, mkitaka kurekodi mchanganyiko wa moja kwa moja, rekodini upande wa wanaofuata, kamwe si upande wa kiongozi.

Tiba ya pili ni ya watumiaji wa Jamulus: usijisikilize moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Zima sauti hiyo na ujisikilize kupitia mchanganyiko unaorudi kutoka kwenye seva. Pale kwenye seva sauti zenu zote zinakutana, na mkisikiliza huo huo mchanganyiko, wote mnapatana juu ya nini kipo pamoja na nini hakipo. Gharama yake ni kwamba utajisikia ukichelewa kidogo nyuma ya kidole chako, na itakubidi upige mbele kidogo, kama mpiga kinanda cha kanisa ambaye mabomba yake yako mbali na alipoketi. Mikono huzoea. Kwa kibodi na gitaa la umeme njia hii ni nzuri sana. Kwa waimbaji ni ngumu zaidi, kwa sababu sauti yako inakufikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na hiyo haizimiki. Waimbaji watumie hedifoni zinazofunika masikio vizuri na waongeze kidogo sauti ya mchanganyiko. Mpiga dramu halisi naye anaisikia dramu yake atake asitake, sababu nyingine ya kumfanya kiongozi.

Jizoeze kwanza bila muziki. Wawekeni wawili wapige makofi, mapigo 90 kwa dakika, mmoja akiongoza. Anayefuata akae juu ya kiongozi. Kiongozi aendelee tu, hata akisikia makofi ya mwenzake yanamfuata kama mwangwi. Kisha mbadilishane. Mkiweza kwenda dakika mbili mwendo ukiwa ule ule, mko tayari kwa wimbo.

Na wimbo wenyewe uchaguliwe kwa busara. Sauti zinazoingia taratibu, kama za fidla, ogani na kwaya, huficha kuchelewa. Sauti kavu za kuchoma, kama makofi, kengele na gitaa la solo lenye nota fupi fupi, huufichua. Anzeni na mwendo wa 70 hadi 90. Nyimbo za kasi zenye vinanda viwili vinavyojibizana kwa nusu ya pigo ziacheni hadi mtakapokuwa mmezoeana.

Hatua ya 6: Kikao chenyewe

Fikeni robo saa kabla. Kila mmoja apige peke yake, wengine warekebishe viwango vyao. Mita ya ingizo isiguse nyekundu hata kwa pigo zito. Asiyepiga azime maiki.

Kiongozi ahesabu vipimo viwili vya muziki (baa mbili), si kimoja, ili wote wapate muda wa kuushika mwendo. Miisho ya nyimbo ipangwe kwa maneno kabla ya kuanza, kwa sababu ile ishara ya kichwa mliyoizoea jukwaani haitaonekana. Mkitaka kuonana, fungueni simu ya video pembeni na mzime sauti yake kabisa, lakini msifuate mikono ya mtu kwenye picha: picha huchelewa kuliko sauti. Mtandao ukianza kuyumba, video ndiyo ya kwanza kufungwa.

Kwa rekodi nzuri, kila mmoja arekodi ala yake kwenye kompyuta yake, sampuli 48,000, na apige kofi moja kali mwanzoni baada ya kuhesabiwa. Makofi hayo ndiyo mtakayoyalinganisha wakati wa kuchanganya. Seva ya Jamulus nayo inaweza kurekodi kila mpigaji katika faili lake, msaada mkubwa kwa ambaye amesahau kubonyeza kitufe.

Mkiwa mbali mno

Kwa walio mabara tofauti kuna NINJAM, iliyotolewa na kampuni ya Cockos mwaka 2005. Badala ya kupunguza kuchelewa, inakurefusha mpaka kulingane na mzunguko mzima wa muziki. Mnakubaliana mwendo na idadi ya mapigo, kwa mfano mapigo 16 kwa mwendo wa 120, ambao ni sekunde 8. Unachopiga sasa wenzako wanakisikia katika mzunguko unaofuata, kikiwa kimekaa sawasawa kwenye pigo. Nawe unapiga juu ya walichopiga wao mzunguko uliopita.

Inafaa pale ambapo kodi za gitaa ni zile zile na zinajirudia, mtu mmoja akipamba na mwingine akijibu. Haifai kwa wimbo wenye ubeti, kiitikio na daraja, kwa sababu mwenzako atakuwa bado kwenye kiitikio wakati wewe umeshahama. Chagueni mzunguko mfupi, kodi nne au chini ya hapo, na atakayetaka kubadilisha kodi aandike kwenye ujumbe mzunguko mmoja kabla. Tumieni JamTaba, programu ya kuingilia NINJAM, maana mipangilio yake ni rahisi kueleweka, na mwacheni mpiga besi aingie peke yake mizunguko miwili ya kwanza kabla ya wengine kuanza.